Tahadhari: kadi ya picha ya kompyuta, "GTX 1050 Ti", niliyouziwa barabara ya Luthuli, Nairobi, ilikuwa mbuzi ndani ya gunia

Shilingi 11,500 zimeenda na sijalala vizuri tangu Jumamosi. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mnaonijua mtacheka, na mna haki, maana mimi ndiye huwa nawakanya watu wasinunue kitu Luthuli bila kukipima.

Shida yangu ilikuwa filamu tu, si michezo. Nina televisheni ya 4K, na kompyuta yangu ni Dell ya zamani, i5 kizazi cha nne: ukiiwekea filamu ya 4K ya HEVC biti 10 (njia ya kubana video ambayo ni nzito kuifungua), prosesa inapanda hadi asilimia 100, sauti inatangulia, picha inafuata nyuma kama mzee anayepanda ngazi. Binamu aliniambia kadi ndogo ya GT 1030 inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mimi nikajitia mjuaji, nikasema nikiongeza kidogo napata 1050 Ti.

Kibanda chenyewe kiko ghorofa ya kwanza. Jengo silitaji kwa sababu nimeshaandikisha taarifa kituoni na nimeambiwa nitulie. Kijana alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi. Akaitoa kadi kwenye mfuko wake, akaipangusa kwa kitambaa, akaniuliza nataka kuitumia kwa nini. Nilipotamka HEVC akacheka kwa furaha: "Mkubwa, leo nimepata mteja anayejua. Hawa wengine wanauliza ni GB ngapi basi." Hapo ndipo nilipovishwa kilemba cha ukoka, na kilinitosha sawasawa.

Akaichomeka kwenye mashine yake, akawasha. Jina likatokea kamili: NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti, kumbukumbu GB 4. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia binamu, nikaongeza na maneno ya kejeli. Kisha kijana akacheza filamu. Safi kama maji ya mtungi.

Sasa sikilizeni. Mfukoni nilikuwa na flashi diski yenye faili lile lile linalonisumbua nyumbani. Nikaitoa. Akasema, "Matundu ya mbele yameungua mkubwa, na ya nyuma siruhusu, wiki hii wateja wameniletea virusi." Nikairudisha mfukoni. Narudia: nikairudisha mfukoni mwenyewe, kwa mkono wangu.

Filamu aliyonionyesha, nadhani sasa, ilikuwa ya 1080p ya H.264 (picha ndogo kuliko 4K, iliyobanwa kwa njia ya zamani), ambayo hata kadi ya 2011 inaicheza bila kutoa jasho. Ni kupima injini ya gari kwenye mteremko.

Mtauliza kwa nini nilimwamini. Nikiwa pale, alikuja mama mmoja kurudisha waya uliomkatalia, kijana akambadilishia bila neno. (Siku hizi nawaza kama yule mama naye alikuwa mshirika wake.) Akaniandikia risiti yenye muhuri, waranti miezi 3. Nje mvua inanyesha. Akasema namba yao ya Lipa na M-Pesa ina shida ya mtandao, nitume kwa namba nyingine. Likatokea jina la mwanamke. "Ni mke wangu." Nikabonyeza.

Jioni shemeji na mama mkwe walikuwa wamekuja kutazama. Picha ikaanza kukwama dakika ya kwanza. Mama mkwe akauliza kwa upole kama stima inataka kupotea. Nikasema ndiyo, Mungu anisamehe.

Televisheni ilikataa kupita 1920×1080. Nikapakua draiva (programu ya kuendesha kadi) ya Nvidia yenyewe, skrini ikawa nyeusi. Usiku wa manane nikaweka GPU-Z, programu ya kukagua kadi za picha, ikaniwekea pembetatu ya onyo na kusema wazi kuwa kadi ni bandia. Ndani mna chipu ya GF116, ya ukoo wa zamani wa Nvidia uitwao Fermi, ile ya kadi ya GTX 550 Ti ya 2011. Ina viini 192 vya kuchakata picha, wakati 1050 Ti ya kweli ina 768. Mtu aliingia kwenye baiosi, ile programu ya ndani ya kadi inayoitambulisha kwa kompyuta, akaandika jina jipya, basi. Na chipu hiyo haijui kufungua HEVC hata kidogo, kwa hiyo prosesa yangu ilikuwa inabeba mzigo ule ule, ila mimi maskini zaidi.

Jumatatu nilirudi. Kuna kijana mwingine. "Yule alikuwa amekodi meza tu." Simu imezimwa. Nyuma ya risiti, kwa herufi za sisimizi: mali ikishauzwa hairudishwi.

Huyu mtu nataka afikishwe mahakamani. Sheria ya bidhaa ghushi tunayo tangu 2008, itumike! Asiachiliwe kwa pesa ya chai. Na aliyemkodisha meza asimame naye kizimbani, kwa sababu kodi yake ilitoka kwenye mifuko yetu. Hata huyo "mke" aitwe aeleze.

Dalili zilikuwepo. Kadi ilikuwa na tundu la buluu la VGA, lile la skrini za zamani, na 1050 Ti ya kweli haina kabisa. Ilitaka waya wa umeme wa pini 6, akanipa na kiunganishi cha bure, nikamshukuru. Nyingi za kweli hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye bodi kuu ya kompyuta. Akanisisitiza nitumie draiva za CD yake, nisipakue nyingine. Nendeni na GPU-Z kwenye flashi, mkikataliwa kuichomeka ondokeni.

Aliye na GT 1030 ya mkono wa pili aniandikie. Nitakuja na faili langu, na tutalitazama mpaka mwisho.