Kibubu au M-Shwari: akiba ikae wapi hapa Lamu?
Kwa gharama, kibubu hakina mpinzani: ukishamlipa fundi wa mbao, hakuna makato. M-Shwari, akaunti ya akiba ya kwenye simu iliyoanza 2012, nayo ni bure kuweka kutoka M-Pesa, ila ina riba, na kwa Waislamu wengi wa hapa mjadala huishia hapo. Kwa usalama simu inashinda. Kibubu huliwa na mchwa, huibwa, na kisu chembamba huchomoa noti kupitia tundu lile lile ulilotumbukizia (watoto wanajua!). Lakini simu nayo ina kishawishi chake: vibonyezo vichache usiku, akiba kwisha. Mvuvi anayeuza samaki kila siku wakati wa kaskazi na kukwama pwani kusi ikichafuka, namshauri kibubu. Mwenye mshahara, na asiyesumbuliwa na riba, aifungie akiba yake kwenye simu.