Tuisheni ya hesabu ya jioni, Temeke: matriksi zinaeleweka, fotokopi hazisomeki

Narisiti Hisabati ya kidato cha nne na mchana nauza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo nilitaka tuisheni inayoanza watu wakishafunga maduka. Hii ipo Temeke, fremu mbili zilizounganishwa. Unalipa elfu mbili kila unapoingia. Hakuna kulipa mwezi mzima halafu mwalimu hatokei, kama kule nilikotoka.

Kilichonibakiza ni mada ya matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu ndani ya mabano: unaambiwa matriksi mbili ni sawa, utafute x na y. Madam hakuruhusu ushike kalamu mpaka useme kwa sauti kila matriksi ina safu ngapi za kulala na ngapi za kusimama. Idadi hizo zikipishana kati ya matriksi mbili, haziwezi kuwa sawa, swali limeishia hapo. Zikilingana, kila kilicho upande huu kinatazamana na kilicho nafasi ileile upande wa pili. Juu kushoto kuna x + y, ng'ambo kuna 7: basi x + y = 7. Chini kulia 2x − y inatazamana na 8. Jumlisha, y zinakatana, 3x = 15, x ni 5 na y ni 2. Hadi hapo mwalimu yeyote angefundisha.

Uhondo upo kwenye maswali yake ya mtego. Alitupa x² ikitazamana na 9, na x + 1 ikitazamana na −2. Darasa zima likapiga kelele, "Tatu!" Madam kimya, anafuta ubao upande wa pili. Binti mmoja wa nyuma ndiye akasema, "Lakini Madam, tatu jumlisha moja ni nne." Jibu ni −3, maana lazima likubalike kwenye nafasi zote, si moja. Kisha akabadilisha namba moja tu, −2 ikawa 5, na hapo hakuna x inayokubali kabisa. Kuna jamaa alibishana naye mpaka kipindi kikaisha, eti mtihani hauwezi kukosa jibu.

Karatasi ndiyo kero. Fotokopi mia mbili kwa shiti, na wino umepauka hadi alama ya kutoa haionekani. Kwenye hesabu za namna hii hiyo ni hasara tupu, bora unakili ubaoni.

Jumamosi wanafunzi wa shule wanajaa hadi mlangoni, nenda katikati ya wiki. Na beba karatasi za grafu, maana akimaliza matriksi anaingia transfomesheni (kuhamisha na kugeuza maumbo kwenye grafu) moja kwa moja, na stesheneri ya jirani inafungwa mapema.