Pikipiki ikivushwa Holili: ujirani mwema au Interpol?

Pikipiki ikiibwa Moshi, ubishi kijiweni ni uleule: polisi wetu waongee moja kwa moja na wenzao wa Taveta, upande wa Kenya, au suala lipitie Interpol, shirika la polisi la kimataifa?

Kwa kasi, ujirani mwema hauna mpinzani. Holili na Taveta wana kituo cha pamoja cha mpakani, na simu moja yenye namba ya chesisi inaweza kumtangulia mwizi. Lakini unabebwa na mazoea ya watu. Ofisa akihamishwa, anayempokea anaanza kujenga uhusiano upya, na hilo linaniuma, maana mwenye bodaboda hula kwa siku.

Njia ya pili ina mizizi mirefu. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda umoja wao, EAPCCO, mwaka 1998. Sekretarieti iko ofisi ya Interpol Nairobi. Ni barua na subira, ila chombo kikiingia kwenye kanzidata ya Interpol, hata polisi wa Uganda wanaweza kukibaini.

Imeibwa usiku huu? Chukua RB (namba ya taarifa uliyoandikisha polisi) na kadi ya chombo, omba polisi wa mpakani wajulishwe mara moja. Ni gari, na wiki zimepita? Sisitiza Interpol.