Saa ya elfu 45 ya kupima usingizi, nimeivaa miezi miwili

Nilinunua Kariakoo, mkanda wa raba, haina jina kubwa, muuzaji akaniapia inapima usingizi mpaka ndoto. Haya. Asubuhi unafungua apu unakuta grafu kama ngazi, usingizi mwepesi, mzito, wa ndoto, unashuka unapanda, mzunguko mmoja dakika 90 hivi, na hapo imenifumbua macho maana ule mzito karibu wote unaishia nusu ya kwanza ya usiku halafu wa ndoto unazidi kurefuka kuelekea alfajiri. Ndo mana alamu ya saa kumi na nusu inanikatia ndoto kila siku, nilidhani nimerogwa.

Sasa kasheshe. Juzi kati nimeangalia mpira ndani ya neti, simu kifuani, sijatikisika kuanzia saa nne mpaka saa sita kasoro, asubuhi apu inaniambia usingizi mwepesi dakika 104. Tumefungwa mbili na nimeziona zote!

Nikaingia kusoma. Kumbe hospitalini wakipima usingizi wanakubandika nyaya kichwani kusoma umeme wa ubongo, zingine pembeni ya macho na kidevuni, kwa sababu ukiwa kwenye ule wa ndoto macho yanakimbia huku na huko ila misuli imelegea hoi, hata ya kidevu. Hii iko mkononi tu, ina kitaa cha kijani kinachosoma damu ikipita na kasensa ka kujua umejigeuza, ya ubongo inabahatisha. Na huko kulegea ndo jinamizi lenyewe lile, akili ishaamka mwili bado umefungwa, mwezi uliopita lilinikaba mpaka jasho, nacheki apu, "usingizi mzito, hongera". Hongera ya nini jamani.

Ukiacha ile siku ya mpira, muda wa kulala na kuamka haikosei sana, na mapigo ya moyo iko vizuri, nikilala mapema yanashuka mpaka 54, nikinywa kahawa usiku yanagoma kushuka, hiyo pekee imeniachisha kahawa ya kijiweni. Chaji siku sita. Mkanda unawasha kwa joto hili la Dar, uvue uoshe.

Nyota tatu, ingekuwa elfu 30 ningetoa nne. Ila wife hataki hata kuisikia, anasema kile kitaa kinamulika neti nzima kama kimulimuli, sahivi nalala mkono chini ya mto.