Niliibiwa dukani, nikakubali daivasheni: nyota nne kati ya tano

Nauza leso Biashara Street, Mombasa, mwaka wa 17 huu. Siku chache kabla ya Idi aliingia mteja amejifunga leso ambayo jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, nililijua kabla sijalisoma. Mzigo wa leso hiyo ulikuwa ungali stoo kwangu, sijauza hata doti moja, yaani jozi moja. Usiku ule nikahesabu. Ilipungua korija moja na doti tatu, yaani doti 23, na funguo za stoo ni mbili tu: wangu na wa kijana wangu wa dukani, mwenye miaka 20, niliyekuwa naye mwaka na nusu.

Niliripoti mwenyewe. Akakamatwa Ijumaa alasiri, akalala korokoroni mpaka Jumatatu, maana zile saa 24 za Katiba zikiishia siku ya mapumziko husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Polisi waliandika wizi wa mfanyakazi, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake inafika miaka saba. Nilitaka mali yangu, na nilitaka anitazame usoni aone haya. Miaka saba sikuwa nimeiwaza.

Jumatatu asubuhi, kabla hajapandishwa kizimbani, mwendesha mashtaka aliniita kando akaniuliza kama ningekubali daivasheni. Neno hilo nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera yake tangu 2019: mtu wa kosa la kwanza, kosa lenyewe si zito, akikiri kwa hiari yake, huondolewa kwenye njia ya mahakama na kutia sahihi mkataba wa masharti. Akiyatimiza, kesi imeishia hapo na hana hatia kwenye rekodi. Akiyavunja, faili linarudi kwa mwendesha mashtaka naye anashtakiwa kama kawaida.

Mimi mfanyabiashara nilidhani ni namna ya kufagilia kesi chini ya mkeka. Swali langu la kwanza lilikuwa: je, ushahidi umepotea? Akanionyesha kuwa mambo ni kinyume. Kwanza husoma faili, na kama ushahidi hautoshi kumshtaki mtu, basi hata daivasheni hapewi, faili hufungwa. Hakuna kumtisha mtu akiri jambo ambalo mahakamani lisingesimama. Jibu hilo ndilo lililonikalisha kitini.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Tulikuwa watano: mwendesha mashtaka, afisa wa probesheni (anayefuatilia mkosaji akiwa nje ya jela), kijana, nyanya yake aliyemlea, na mimi. Kijana aliulizwa mara mbili kama kuna aliyemlazimisha, akaambiwa ana haki ya kukataa na kusikilizwa na hakimu. Akasema anakubali. Alikuwa ameandika msamaha kwenye karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye viboksi, na mkono ulimtetemeka hata karatasi ikawa inalia. Nikamuuliza neno moja tu: uliuza doti kwa ngapi? Akasema 250. Leso niliyoinunua kwa 480! Nililia pale pale, na wala si kwa hasara peke yake. Mtoto huyu nilimfundisha mwenyewe kukata leso kati ya pindo na pindo bila kupinda mkasi, na hata bei ya mali hakuijua alipokuwa akiiba.

Doti sita zilikuwa zimepatikana. Zilizobaki, 17, nilitaka nilipwe kwa bei ya kuuzia, 600. Nyanya yake akanishika mkono akasema, "Mama, faida yako najua ni haki yako, lakini tuhesabie mtaji." Nikakubali. Ikawa shilingi 8,160, kwa miezi sita, 1,360 kila mwezi kwa M-Pesa. Pamoja na hayo, kila baada ya wiki mbili aripoti kwa afisa wa probesheni kwa ushauri, na asikanyage stoo yangu. Kumrudisha kazini hakuna aliyenishinikiza, na sikumrudisha.

Nyota moja nimeipunguza kwa yaliyofuata. Baada ya sahihi, mlalamikaji husahauliwa. Mwezi wa tatu malipo yalichelewa siku 19 na hakuna aliyenipigia simu. Nilifunga duka mara mbili kwenda kuulizia, naambiwa mwenye faili amehamishwa, njoo kesho. Mwenye duka akifunga asubuhi ya Jumamosi huwa ametozwa faini nyingine. Na zile doti sita zilizowekwa kituoni kama kielelezo nilirudishiwa baada ya miezi minne, zimekaa ndani ya gunia la sukari, nne zimeota madoa ya unyevu kwenye mji wa leso, pale katikati ambapo mteja huangalia kwanza. Leso si panga. Wangeweza kuipiga picha, nikatia sahihi, nikaondoka nayo.

Mwenye duka akiulizwa kama nilivyoulizwa, mimi ningemwambia akubali, ila asitoke chumbani bila nakala ya mkataba na namba ya simu ya afisa wa probesheni, na vielelezo viandikwe humo vitarudi lini. Sikulipa hata senti moja kwa huduma yenyewe. Atakayekudai kitu cha kusukuma faili, mkatalie. Na kama mashtaka yameshasomwa, bado inawezekana, lakini hapo lazima hakimu atoe idhini kesi iondolewe, kwa hiyo zungumza mapema.

Malipo ya sita hakutuma kwa simu. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya kizingiti kwa sababu hakuwa na hakika kama mkataba unamruhusu kuingia. Siku hizi anapinda leso kwa fundi wa mtaa wa pili. Nilihesabu pesa, nikamwandikia risiti, nikamwambia fundi wake anipunguzie bei nikimletea za jumla.