Uzoefu wangu na sentrifuji ya kupima mtawanyiko wa chembe kwenye rojo la seramiki

Hukumu yangu kwanza: kwa anayetengeneza rojo la alumina au zirkonia, yaani unga wa seramiki uliochanganywa na kimiminika, na anataka kujua kama chembe zimetawanyika kweli, sentrifuji ya uchambuzi ni kifaa ambacho mimi sasa sifanyi kazi bila kuwa nacho. Ila ile namba moja ambayo programu yake inakuonyesha mwishoni usiiamini peke yake. Nitaeleza kwa nini.

Utumiaji wake ni rahisi. Unatia rojo kwenye vichupa vyembamba vinavyopitisha mwanga, unavipanga kwenye rota, na mashine inazunguka huku mwanga wa infraredi ukikimulika kila kichupa kwa urefu wake wote. Kila baada ya muda mfupi inachora mstari unaoonyesha mwanga umepita wapi na umezuiwa wapi. Ukiitazama mistari hiyo kwa mfuatano, unaona chembe zinavyotuama.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba rojo linaingia kama lilivyo. Mashine ya leza ya kupima ukubwa wa chembe inataka sampuli iongezwe maji mengi sana. Hapo pH inabadilika, sehemu ya kitawanyishi, ile dawa inayozuia chembe zisishikane, inaweza kubanduka kwenye chembe, na ukiwasha mawimbi ya sauti ya kuchanganyia, unayavunja mabonge yale yale uliyotaka kuyaona. Jibu linatoka zuri, lakini ni jibu la rojo jingine.

Unaweza kuuliza kwa nini nisiache tu rojo litulie mezani. Chembe ya alumina yenye kipenyo cha mikromita 1 hushuka majini karibu milimita 6 kwa saa. Ya mikromita 0.3 hushuka nusu milimita hivi. Hiyo ni kwa rojo jepesi sana. Unga ukifika asilimia 40 ya ujazo, chembe huzuiana njia na mwendo hupungua hadi karibu sehemu ya kumi. Mezani utasubiri siku nyingi, na maji yatakuwa yameanza kukauka. Kwenye sentrifuji unapata jibu siku hiyo hiyo.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanalisoma kinyume. Nilipima marojo mawili ya unga mmoja wa alumina, yote yakiwa na kitawanyishi cha poliakrilati ya amonia, ambacho ni aina ya polima: moja kwa kipimo kinachofaa, jingine kwa kipimo kilichozidi. Kwenye kipima mnato, yaani kifaa kinachopima ugumu wa rojo kutiririka, kwa mwendo wa kasi, yalikaribiana mno. Kwenye sentrifuji yakaachana kabisa. Lile lililozidishiwa dawa lilishuka kwa pamoja kama pazia, likaacha maji maangavu juu na mashapo marefu, laini, yenye nafasi nyingi ndani. Lile zuri lilibaki na maji meupe ya ukungu kwa muda mrefu, kwa sababu chembe ndogo zilikuwa bado zinaelea kila moja peke yake, na mashapo yake yalijijenga polepole kutoka chini, mafupi na magumu. Kwa hiyo maji kuwa maangavu mapema ni habari mbaya. Yanakuambia chembe zimeshikana na zinashuka kwa makundi. Ukizidisha kitawanyishi, polima isiyopata pa kushika hubaki majini na kuanza kuzisukuma chembe zikaribiane tena.

Urefu wa mashapo ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote. Chembe zilizotawanyika vizuri hupangika kwa kubanana, na unga unaweza kukaribia asilimia 60 ya ujazo wa mashapo. Zilizogandana hubaki chini sana ya hapo, na nafasi hizo zitakufuata hadi kwenye tanuri.

Narudi kwenye ile namba. Programu hutoa faharasa ya kutokuwa thabiti kati ya 0 na 1, ambapo 0 maana yake hakuna kilichosogea. Tatizo ni kwamba rojo lililogandana kabisa likawa kama jeli nalo halisogei. Alumina tupu kwenye pH 9 hivi, ambako chaji ya uso wake inakaribia sifuri, inaweza kushikana kwa nguvu kiasi hicho, na faharasa ikaisifia. Ndiyo maana kila sampuli naipima pia mnato, kuanzia mwendo wa polepole hadi wa kasi. Rojo likigoma kutiririka kwenye mwendo wa polepole, faharasa nzuri haina maana.

Anzeni na mwendo mdogo wa rota. Kasi kubwa hukandamiza mtandao dhaifu wa chembe, na tofauti uliyokuwa unaitafuta inapotea. Viputo vya hewa navyo vinaharibu mistari, kwa hiyo rojo zito lipitishwe kwanza kwenye vakyumu. Wanaotumia viyeyusho badala ya maji waulize vichupa ni vya plastiki gani. Polikaboneti haivumilii tolueni.

Kuna kitu kimoja mashine hii haikioni: bonge kubwa moja moja. Mabonge machache ya mikromita 50 katikati ya mabilioni ya chembe ndogo hayabadilishi mstari wowote, lakini ndiyo yanayovunja kipande. Dosari ikiwa kubwa mara nne, nguvu ya seramiki hupungua hadi nusu. Kwa hayo natumia geji ya Hegman, kile kipande cha chuma chenye mfereji unaopungua kina: unaburuta rojo kwa kisu na kuangalia mikwaruzo inaanzia wapi.

Kwa mchanganyiko wa alumina na zirkonia, ningeinunua hata kama isingefanya kingine chochote. Zirkonia ina densiti ya karibu 6, alumina karibu 4, na mistari inakuonyesha mapema kama zitatengana kwenye kalibu.