Kubadilishana nyuzi na watu nisiowajua: uzoefu wangu hapa Moshi

Nimefuma tangu nikiwa darasa la nne. Mama alinikalisha kibarazani kwetu Kibosho, akanipa kroshia na bonge la uzi mweupe wa pamba, na tangu siku hiyo nikawa mfumaji wa vitambaa vya makochi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilifuma vile vile: nanasi, ua la pembe nane, na kile cha mviringo cha katikati ya meza. Kazi ilikuwa safi, watu walinunua. Lakini nilifuma peke yangu, na nilichokijua kiliishia kwenye kumbukumbu ya mama.

Mwaka mmoja na nusu uliopita nilijiunga na Ravelry, tovuti ya wafumaji, na kupitia huko nikaingia kwenye mchezo wa kubadilishana vifurushi vya nyuzi. Nimeshashiriki mara nne, mbili na watu wa nje na mbili na watu wa huku huku Kilimanjaro na Arusha. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kapu la nyuzi nyumbani anayejiuliza kama haya mambo yana maana kwa mtu wa kwetu.

Ravelry ilianzishwa mwaka 2007 na wanandoa wa Boston, Marekani, na kujiunga ni bure. Kuna maelekezo ya kuuza na kuna ya bure, mengi sana. Kilichonishika mimi ni namna ya kutafuta. Tuseme umebakiwa na uzi wa mita 300 na kroshia ya milimita 4. Unaweka mita zako, unachagua kroshia badala ya sindano mbili, unachagua za bure tu, na unaletewa vitu ambavyo uzi wako utavitosha. Kabla ya hapo nilikuwa naanza shali halafu nakatikiwa uzi nikiwa nimefika mabegani. Jambo la pili ni picha za waliokwisha kufuma kitu hicho hicho. Unaiona sweta moja kwa mama mnene, kwa binti mwembamba, kwa uzi mzito na kwa uzi mwepesi, na chini ya picha kila mmoja ameandika alipokwama. Hiyo peke yake imeniokolea nyuzi nyingi. Kuhusu bando, maelekezo nayashusha mara moja na kuyahifadhi kwenye simu, kwa hiyo sihitaji kuwa hewani nikifuma.

Najua swali linalofuata: Kiingereza. Ndiyo, maelekezo mengi ni ya Kiingereza, na yameandikwa kwa vifupisho ambavyo hata mwalimu wa Kiingereza hatavijua. Mimi nilipona kwa michoro. Upande wa kroshia, vitu vingi huja na mchoro wa alama, na mchoro hauna lugha. Kiduara kilichobonyea ni kitanzi cha mnyororo. Alama ya kujumlisha au ya kuzidisha ni mshono mfupi kabisa. Halafu kuna herufi T, ambayo ni nguzo, yaani mshono mrefu uliosimama. T tupu ni nguzo fupi. T yenye kimstari kimoja kilichokatiza shina ni nguzo ya kawaida, na ikiwa na vimstari viwili ni nguzo ndefu. Hesabu vimstari hivyo: kwa T zenye vimstari, idadi yake ndiyo idadi ya mara unazozungusha uzi kwenye kroshia kabla ya kuichomeka. Nilipolielewa hilo nilikaa mezani hadi usiku nikisoma michoro kama mtoto aliyejua kusoma jana. Mama yangu hajawahi kusoma maelekezo ya mtu, lakini nilipompelekea mchoro wa nanasi aliufuata kwa kidole, akaniambia, "Mbona hiki ndicho kile changu?"

Nilipoanza kusoma maelekezo ya maneno ndipo nilipoumia, nanyi msirudie. Waingereza na Wamarekani hawaiti mishono ya kroshia kwa majina sawa. Anachokiita Mwingereza dabo, Mmarekani anakiita singo. Dabo ya Mmarekani ni ile nguzo ambayo Mwingereza anaiita trebo. Mimi majina machache niliyoyajua yalitoka kwa mama, na ya mama yalitoka kwa Waingereza. Nikachukua maelekezo ya Kimarekani ya shali ya mtoto, kila palipoandikwa dabo nikafuma mshono mfupi. Siku tisa. Shali ikatoka nusu ya ukubwa, nzito, ngumu kama mkeka. Niliifumua yote. Sasa kabla sijaanza chochote natazama juu ya ukurasa kama maelekezo ni ya Marekani au ya Uingereza.

Sindano nazo zina mtego wa aina hiyo. Zile za mama zina namba 10 kichwani, na hiyo ni namba ya zamani ya Uingereza, maana yake milimita 3.25. Namba 10 ya Marekani ni milimita 6. Kwa Waingereza wa zamani namba ikikua sindano inakuwa nyembamba, kwa Wamarekani inanenepa. Achaneni na namba, ulizeni milimita.

Sasa vifurushi. Mchezo wenyewe unaendeshwa na msimamizi, mfumaji wa kawaida kama sisi. Unajaza dodoso: rangi unazopenda, usizozipenda, unafuma kwa kroshia au kwa sindano, una mzio wa sufu au huna. Msimamizi anakupangia mtu wa kumtumia. Kinawekwa kiwango cha pesa na tarehe ya mwisho ya kutuma. Kifurushi kikifika unapiga picha na kushukuru mbele ya wote.

Katika dodoso la kwanza kulikuwa na swali: ukifungua dirisha asubuhi unaona nini? Nikajibu kwa sentensi moja, kwamba nikiamka mapema naiona Kibo kabla mawingu hayajaifunika. Niliandika tu kujaza nafasi. Baada ya wiki saba nikapigiwa simu kwamba nina kifurushi, nikakifuata Posta, pale kwenye mzunguko wa mnara wa saa. Kilitoka Finland. Ndani kulikuwa na uzi wa soksi, gramu 100, mita 400 hivi, sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Ulikuwa umetiwa rangi kwa mkono: kijivu cha buluu kwa sehemu ndefu, halafu ghafla nyeupe, halafu kijivu tena. Kikaratasi kilisema aliupaka rangi mwenyewe kwa sababu ya dirisha langu.

Nilikaa kwenye ngazi za Posta nikaushika. Uzi ule ulikuwa mlima wangu wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umetengenezwa na mwanamke ambaye hajawahi kuuona. Katika kufuma kwangu kote hakuna aliyewahi kunifumia au kunitengenezea kitu; mimi ndiye niliyekuwa nikifumia wengine. Wafumaji watanielewa. Mimi nilikuwa nimemtumia kitambaa cha nanasi na mfuko wa kitenge wa kamba wa kuwekea kazi, na yeye kitambaa kile amekitundika ukutani kwenye fremu.

Mara ya pili haikwenda hivyo. Nilituma kwa wakati, na aliyepangiwa kunitumia mimi akanyamaza. Miezi miwili, hakuna jibu. Msimamizi alimfuatilia, mwishowe akaomba mtu wa kujitolea. Watu hao huitwa malaika, na wako katika michezo mingi. Malaika wangu alinitumia kroshia ya mbao na mabonge matatu ya pamba. Nilishukuru kwa dhati, ila ukweli lazima usemwe: gharama ya kusafirisha kifurushi changu ilizidi thamani ya vilivyokuwamo. Kwa mtu wa kipato chetu, mchezo wa nje ni wa mara moja kwa mwaka. Ingia kwenye kundi ambalo msimamizi wake anataja wazi utaratibu wa malaika, na kwa mara ya kwanza usitume kitu ambacho ukikikosa utalia.

Hapo ndipo tulipoanza wa kwetu. Tuko ishirini na tatu kwenye kundi la WhatsApp: Moshi, Marangu, Usa River, Arusha, wachache Karatu. Mwanamume ni mmoja, fundi wa masweta ya shule wa Arusha, na ndiye anayetufundisha kupima. Kiwango ni Sh 15,000 pamoja na nauli ya kifurushi. Lazima kiwe na kitu kimoja ulichokifuma kwa mkono wako, uzi, na kitu kimoja kidogo cha matumizi. Vifurushi vinakwenda kwa basi. Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi, ukikabidhi stendi asubuhi mwenzako anakipokea mchana.

"Kuna nini humu, dada?" konda aliniuliza mara ya kwanza.

"Nyuzi na soksi za mtoto, kaka. Naomba kisikae chini ya ndizi."

"Basi nakaa nacho mbele." Na alikaa nacho mbele, mwenzangu aliniambia.

Katika mzunguko wa pili nilipangiwa bibi mmoja wa Marangu. Hana simu kubwa, dodoso alilijaza kupitia mjukuu wake. Kwenye rangi anazopenda aliandikisha "yoyote isiyo nyeupe, nyeupe nimeifuma ya kutosha". Nilimpigia: "Shikamoo bibi, mimi ndiye wa kifurushi." "Marahaba mwanangu, uzi usiwe mwembamba, macho yangu yamechoka." Hakuna dodoso la mtandaoni litakalokupa jibu hilo. Nilimtafutia uzi mnene wa rangi ya machungwa.

Na uzi huo niliutoa mtumba. Hili ni somo nililolipata kwenye makundi ya Ravelry na limenifaa kuliko yote, kwa sababu sufu nzuri dukani kwetu ni adimu, ila soko la Memorial limejaa masweta ya sufu ambayo hakuna anayeyavaa. Nenda asubuhi, chagua sweta kubwa la kiume, ligeuze ndani nje, kisha tazama mshono wa ubavuni. Ukiona limekatwa kama kitambaa na kupigwa ovaloki, liache. Ukilifumua utapata vipande vya uzi vyenye urefu wa mstari mmoja mmoja. Ukiona kingo ni nzima, zimeunganishwa kwa mshono unaofanana na msuko, lichukue. Nyumbani fungua mishono ya pembeni kwanza, tenganisha mikono na mwili, halafu anza kufumua kutoka shingoni, maana masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Uzi utatoka umejikunja kama nywele zilizosukuliwa. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukachanganyika, uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze, utundike na kuufungia chupa ya maji kwa chini ili iuvute. Ukikauka umenyooka. Sweta moja kubwa hunipa karibu nusu kilo.

Lebo ikiwa imekatwa, choma kipande kidogo cha uzi nje ya nyumba. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inazimika yenyewe na majivu yake yanapondeka. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kwamba uzi wake ni sufu tupu, na punje ile ninayo bado. Akriliki siidharau, kwa nguo za mtoto mchanga naipenda kwa sababu inastahimili kufuliwa kila siku, wakati sufu ukiifikicha kwenye maji ya moto inasinyaa na kugandamana. Lakini mtu ajue anachokinunua.

Tangu mwaka 2005 wafumaji wa nchi mbalimbali wana siku yao ya kufuma hadharani, Jumamosi moja ya Juni. Mwaka huu nasi tulikaa, kumi na mmoja tuliofika, chini ya mti kwa mwenzetu Usa River. Baridi ilikuwa ile ya Juni yenye ukungu hadi saa nne. Bibi wa Marangu aliletwa na mjukuu. Alikuwa amevaa mzula wa machungwa, na aliposikia sauti yangu akauvua, akanipa niugeuze ndani nione alivyomalizia. Hakuna fundo hata moja. Nilimuuliza ameunganishaje uzi, akanishika vidole akanionyesha: unazitenganisha ncha mbili, unazilowesha, unazilaza pamoja kwenye kiganja, unasugua hadi zishikane. Ni kwa sufu tu, akasema, hiyo nyingine haishikani.

Mzunguko wa tatu tumeupanga mwezi ujao. Nimepangiwa mtu wa Karatu anayefuma kwa sindano mbili tu na anataka kujaribu kroshia. Nimeshamwekea kroshia ya milimita 4, mabonge mawili ya pamba ya kijani, na karatasi niliyochora kwa mkono ile herufi T na vimstari vyake.